Asiye na cha Kuuza

Mtu wa kawaida akitaka kuelewa jambo la fedha, karibu kila anayejitokeza kumweleza ana kitu anachouza. Afisa mikopo anaueleza mkopo vizuri sana, kwa kuwa mwisho wa mwezi atapimwa kwa idadi ya mikopo aliyotoa. Wakala wa bima anaeleza bima, dalali wa viwanja anaeleza ardhi, na kijana mwenye suti aliyekodi ukumbi wa hoteli anaeleza namna milioni moja itakavyozaa tatu kabla ya Idi. Si wote waongo. Wengi wanasema kweli, ila wanasema ile sehemu ya kweli inayowalipa. Sehemu iliyobaki ndiyo inayomhusu msikilizaji mwenyewe: mkopo huu nauhitaji kweli? Nikiuacha itakuwaje? Hiyo haina msemaji, maana hakuna anayepewa kamisheni kwa kumwambia mtu asichukue.

Naamini pengo hilo haliwezi kuzibwa na tangazo la redio, wala na semina ya siku moja yenye fulana na chai. Linazibwa na mtu aliye tayari kukaa na jirani yake bila malipo, daftari likiwa katikati, wakapiga hesabu pamoja. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa muda sasa, jioni za Jumamosi, huku Mbagala, Dar es Salaam, ninakoishi. Kabla ya hapo nilifanya kazi ya mahesabu kwa mshahara. Sina kibao mlangoni. Watu huja kwa kuelekezana, na wanaokuja ni wauza samaki, mafundi cherehani, walimu, vijana wa bodaboda, na wastaafu, ambao nitawarudia kwa kuwa wananiumiza moyo kuliko wote.

Kazi hii ina ukoo mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Katikati ya karne ya 19, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, meya katika vijiji vya Westerwald nchini Ujerumani, aliwaona wakulima wake wakimalizwa na wakopeshaji. Mwaka 1864 akaanzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf, na vyama vilivyofuata nyayo zake vikashika kanuni moja ambayo mpaka leo naiona ni ya hekima kubwa: viongozi wa chama wasilipwe, isipokuwa anayeandika mahesabu. Asiyelipwa kwa kukopesha hana sababu ya kuusukuma mkopo. Atamwangalia mwombaji, ataliangalia shamba lake, na akiona deni litamzamisha atamwambia hapana, na jioni watakutana kanisani bila kinyongo. Uingereza nako, vita vilipoanza Septemba 1939, vituo vya ushauri wa raia vipatavyo 200 vilifunguliwa ndani ya siku chache, vikiendeshwa kwa kiasi kikubwa na watu wa kujitolea. Waume walikuwa wameitwa jeshini, kipato cha nyumba kimekatika, kodi na madeni yakabaki mezani mbele ya wanawake ambao hawakuwahi kuonyeshwa karatasi hizo. Vituo hivyo vipo hadi leo, na madeni bado ni sehemu kubwa ya kazi yao.

Karibu zaidi na sisi kuna Maradi, nchini Niger. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza huko vikundi vya wanawake waliochangishana akiba yao wenyewe, wakakopeshana wenyewe, kisha wakagawana mwisho wa mzunguko. Mbinu ile ilisafiri, ikafika Zanzibar na bara, na vikoba vyetu vina nasaba nayo. Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, pesa kuhesabiwa mbele ya wote kwa sauti. Kila mwanamke wa mtaani kwangu anaujua utaratibu huo kuliko mimi. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema wananchi hawana elimu ya fedha. Mama aliyewahi kuwa kijumbe wa mchezo wa watu ishirini, akakusanya kila siku, akampa kila mmoja zamu yake bila kugombana na yeyote, ana elimu ya fedha. Kinachomkosesha usingizi ni karatasi alizoandika mtu mwingine.

Na karatasi hizo haji nazo siku ya kwanza. Hili ndilo jambo la kwanza ambalo mtu wa kujitolea hujifunza, na vitabu havilisemi: watu hawaji na swali lao. Huja na swali la heshima. Mama mmoja muuza vitumbua, mtu mzima, mwenye wajukuu, alikuja akiuliza habari za vipande vya uwekezaji, maana binti yake alikuwa amesikia kazini. Tukazungumza vipande nusu saa nzima. Alikuwa ameshasimama, anatafuta ndala zake mlangoni, ndipo akasema, "Kaka, na mtu akiwa na rejesho la kila siku, mahali patatu, anaanza kumalizia wapi?" Hakusema ni yeye. Nami sikumuuliza ni nani. Nilimwambia, "Mama, huyo mtu aje na vikaratasi vyote, hata vile vilivyochanika, tuviangalie." Akarudi wiki iliyofuata na mfuko wa plastiki uliojaa.

Deni mtaani kwetu ni siri kubwa kuliko ugonjwa. Mgonjwa hupelekewa uji. Mwenye deni hufungiwa godoro na jiko kwenye bajaji, majirani wakitazama. Mume hajui, au mke hajui. Mtu yuko tayari kukopa pa nne ili alipe pa tatu, mradi asikae mbele ya mtu na kusema jumla kwa mdomo wake. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya msaada haihitaji shahada yoyote. Inahitaji mtu ambaye hatashtuka. Ukiguna tu, ukisema "Mama, ulifikiriaje?", amekwenda na hatarudi. Nimeona wasomi wazuri, wenye nia njema kabisa, wakimpoteza mtu kwa mguno mmoja.

Tulipovitandika vikaratasi mezani, tukachukua kimoja. Alikopa 200,000. Alikatwa 20,000 ya fomu, akaondoka na 180,000 mkononi. Anarejesha 8,000 kila siku kwa siku 30, yaani 240,000. Mkopeshaji alimwambia riba ni asilimia 20, na mama aliamini, kwa sababu 40,000 juu ya 200,000 ni asilimia 20 kweli. Lakini 200,000 hakuiona. Aliona 180,000, analipa 240,000. Ziada ni 60,000, theluthi nzima ya alichopokea, kwa mwezi mmoja. Halafu kuna jambo lililojificha zaidi. Marejesho yanaanza kesho yake, kwa hiyo ile 180,000 hakai nayo mwezi mzima. Siku ya kumi na tano zaidi ya nusu imeshaondoka. Ukichukua wastani, mwezi ule alikuwa akitumia pesa ya watu kiasi cha 90,000 tu, na kwa kuitumia analipa 60,000. Nilimwachia yeye mwenyewe apige hesabu hiyo, kwa kalamu yake, polepole. Alipofika mwisho akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hiyo vitumbua nawakaangia wao."

Watu wa mjini wameiita mikopo hii kausha damu, na sina la kuongeza juu ya jina hilo. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji mdogo anatakiwa awe na leseni, na Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wa daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Kwa mtu aliye mezani kwangu, habari hizi zina faida moja ya haraka: anajua kwamba anaweza kuuliza leseni. Nimemsindikiza mtu hadi ofisi ya mkopeshaji, nikakaa kimya pembeni kabisa, yeye akauliza leseni na mchanganuo wa riba kwa maandishi. Mara nyingine hilo peke yake linatosha ratiba ya marejesho ikalegezwa. Mara nyingine halitoshi, tunaenda ngazi ya juu. Lakini ile hali ya mtu kuuliza, amekaa wima kwenye kiti, naithamini kuliko punguzo lenyewe.

Yapo pia mazuri ambayo watu hawayafikii kwa sababu ya karatasi tu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023 ukarejeshwa 2024. Mkopo usio na riba upo, na mama wa vitumbua analipa theluthi kwa mwezi. Kati yake na mkopo ule pana kikundi cha kusajili, katiba ya kuandika, andiko la mradi, akaunti ya benki, na safari za kwenda kwa afisa maendeleo ya jamii. Mtu anayejua kuandika katiba ya kikundi kwa jioni moja, na wako wengi mno mjini hapa, ana uwezo wa kubadili mwaka mzima wa watu wengi. Sijui zawadi iliyo rahisi zaidi kwa mwanasheria kijana anayesubiri ajira.

Hapa pana jambo ambalo natofautiana na washauri wengi, na nataka kulikalia. Ushauri wa fedha unaotufikia kutoka nje, katika vitabu na video, umejengwa juu ya mtu mmoja na mshahara wake. Jilipe kwanza, unasema. Punguza wanaokutegemea. Michango ni mtaji unaovuja. Nimekaa na watu wa kutosha kujua kwamba ushauri huo, ukiletwa ulivyo, ama unapuuzwa ama unaleta madhara. Mwalimu anayelipa ada ya watoto wawili wa marehemu kaka yake hajakosea hesabu. Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Alisomeshwa na kaka huyo huyo, na akizeeka hao watoto ndio watakaomshika mkono kumpeleka hospitali. Ukimwambia aache, umemshauri avunje mkataba wa maisha yake ili akaunti ipendeze.

Mchango wa msiba nao ni hivyo hivyo. Msiba ukitokea usiku, alfajiri turubai limefungwa, viti vimefika, mtu ameketi mezani na daftari la rambirambi, na jeneza linapatikana kabla ya adhuhuri. Hakuna kampuni ya bima nchini inayolipa kwa kasi hiyo bila kuuliza fomu. Anayechangia 5,000 kila msiba wa mtaani analipia bima ambayo faida yake ameiona kwa macho. Siku yake ikifika, daftari lile litasomwa. Mimi humwambia mtu aiweke michango ya misiba kwenye mpango wake wa mwezi, pamoja na unga na nauli, kwa mstari wake mwenyewe, ili isimshtue na isimlazimishe kukopa.

Harusi sizungumzii hivyo, na nalisema wazi hata kama litawaudhi wenye kamati. Kuna kipindi cha mwaka kadi za michango zinafika nne kwa wiki, kila moja ina kiwango cha chini kilichochapwa, na kundi la simu lina orodha ya majina, aliyelipa na ambaye bado. Nimeona fundi cherehani akichukua mkopo wa marejesho ya kila siku ili jina lake litoke kwenye orodha ya "bado". Huo ni utumwa mpya, na wanaouendesha ni watu wema wanaopendana. Tunachofanya mezani ni kupanga kiwango chake cha mwaka mzima kwa harusi zote, kisha kutafuta maneno. Naam, maneno. Watu wengi hawashindwi na hesabu, wanashindwa na sentensi ya kumwambia shemeji. "Shemeji, nitakuja mapema siku yenyewe, nitashika jiko na kina dada, na nina elfu kumi yangu ya baraka." Tunaijaribu kwa sauti mara mbili tatu. Wengine hucheka kwanza, kisha wanaiandika.

Lazima niseme pia kile ambacho kazi hii haiwezi. Bajeti haimwongezei mtu kipato. Kijana anayebaki na 6,000 baada ya kulipa hesabu ya tajiri wa pikipiki, mafuta na chakula cha mchana, ana mke, mtoto na chumba cha kupanga ambacho mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hana tatizo la nidhamu. Anajua senti yake ilikokwenda kuliko mkurugenzi yeyote anavyojua yake. Naona uchungu ninaposikia umaskini wake ukielezwa kwa soda aliyokunywa. Kwa kijana huyo nilichoweza ni kumsaidia kulinganisha mkataba wa pikipiki aliyonayo na kuinunua kidogo kidogo kupitia chama cha madereva wenzake, na kumtafutia mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu. Ni mambo madogo. Mengine yamezidi uwezo wa meza yangu, yako kwa wanaopanga mishahara, kodi za nyumba na bei ya mafuta, na anayejitolea asipoyatambua hayo atageuka mhubiri wa kuwalaumu waliochoka.

Uwekezaji huja mwisho, na kwa haki. Nikiulizwa "niwekeze wapi?" huuliza kwanza deni la kila siku limekwisha? Kuna akiba ya miezi miwili mitatu mahali inapotoka haraka? Mwenye rejesho la kausha damu akinunua hati fungani anajiibia, maana hakuna hati fungani duniani inayolipa theluthi kwa mwezi. Deni lake likiisha, hapo tuna la kuzungumza, na mazungumzo huanza na hofu. Hofu hizo zina historia. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, mpango wa upatu ambako watu walikuwa wakipanda mbegu wakisubiri kuvuna, na pesa zilizokwama zilikuwa za watu wa nyumba za ibada, waliozileta kwa imani. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano ndogo kwa siku moja, na kinga ya amana wakati ule ilikuwa 1,500,000 kwa kila mweka amana. Baadaye ilipandishwa hadi 7,500,000. Mtu akiniambia pesa yake iko chini ya godoro, simcheki. Namweleza Bodi ya Bima ya Amana inafanya nini, inalinda nini na hailindi nini, naye anaamua.

Habari ya vipande vya uwekezaji huwashangaza wengi kwa sababu ni ya hapa hapa na haina kelele. Mfuko wa Umoja, wa uwekezaji wa pamoja, ulipoanzishwa 2005, kipande kimoja kiliuzwa shilingi 70. Leo kimevuka shilingi 1,000. Humwambia mtu asiifanye namba hiyo ahadi. Miaka ishirini ni mingi, na bei za unga na mabati nazo hazikukaa pale pale. Lakini ndani yake kuna somo ambalo hakuna semina ya hotelini italitoa: pesa ile ilikua kwa watu ambao hawakufanya lolote zaidi ya kuongeza kidogo na kuiacha. Anayetaka pesa itoke ndani ya siku chache ana mfuko wa Ukwasi. Aliye na milioni moja isiyo na kazi ya karibuni anaweza kushiriki mnada wa hati fungani za serikali, akapata riba mara mbili kwa mwaka. Hakuna siri. Fomu ziko wazi, na mtu anayezisoma nawe taratibu, mstari kwa mstari, anakuondolea woga uliomfanya mpita njia mwenye suti aonekane mkombozi.

Kuna hadithi ya Kenya ambayo huitumia sana. Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma shilingi 5 za Kenya kila moja. Nchi nzima ilipanga foleni. Wengine walikopa benki ili wanunue nyingi. Hisa zikaingia sokoni, zikapanda kidogo, kisha zikaporomoka hadi chini ya shilingi 3, na ikachukua muda mrefu kupanda tena. Kampuni haikuwa mbaya. Miaka iliyofuata hisa zake zilipanda mara nyingi zaidi ya bei ile ya kwanza. Aliyenunua kwa akiba yake alisubiri na akaona. Aliyekopa alikuwa na rejesho mwisho wa mwezi, akauza kwa hasara, akaendelea kulipa deni la kitu ambacho hana tena. Wote wawili walinunua kitu kilekile, siku ileile. Nikimaliza kusimulia huwa sihitaji kueleza zaidi. Mtu hukaa akitazama daftari lake, akitafuta ni yupi kati ya hao wawili.

Nilisema nitawarudia wastaafu. Mwalimu amefundisha miaka 35. Kwa kikokotoo cha pensheni cha 2022 mkupuo wake ulikuwa theluthi ya mafao, na 2024 ukaongezwa, hadi asilimia 40 kwa baadhi. Kwa vyovyote ni pesa nyingi kuliko aliyowahi kuishika, na ni mara ya mwisho kuishika. Taarifa ya kustaafu kwake hutembea haraka kuliko yeye. Kabla hajafika nyumbani ana mtu wa viwanja, mtu wa daladala, mpwa mwenye wazo la kuku, na mwanafunzi wake wa zamani aliyeanzisha kampuni. Wapo wakopeshaji waliomshika alipokuwa bado kazini, wakakaa na kadi yake ya benki na namba ya siri kama dhamana, na mshahara ukapita mikononi mwao miaka. Anaingia ustaafuni amechoka, ana haraka ya kuonyesha kwamba hakufanya kazi bure.

Kwake ninalo ombi moja tu, nalo nalisema kila mara kwa maneno yale yale: "Shikamoo mwalimu. Miezi sita usinunue kitu." Iweke kwenye amana ya muda maalumu au kwenye mfuko unaotoa pesa haraka, ipate chochote kidogo, na kila anayekuja mjibu kwamba imefungwa. Miezi sita inatosha mwenye kiwanja cha wizi kuhamia kwa mwingine, mpwa kuonyesha kama kuku wake kumi wa kwanza waliishi, na mwalimu mwenyewe kuijua siku ya mstaafu ilivyo: asubuhi yake, dawa zake, pensheni ya mwezi inafika wapi. Wazee wawili waliwahi kunikasirikia kwa ombi hili, wakasema nawafanya watoto. Nilinyamaza. Pesa ni yao, na heshima ya kuamua nayo ni yao.

Hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo, na ningependa anayetaka kuianza aujue mapema. Ukisaidia watu kwa muda, wataanza kukuamini kupita kiasi. Watasema, "Wewe niwekee tu." Usishike pesa ya mtu, hata ya siku moja, hata ya kumpelekea benki. Usimkopeshe unayemshauri, ukimkopesha umehamia upande wa pili wa meza, na vikaratasi vyako vitajiunga na vile vingine kwenye mfuko wa plastiki. Usipokee kamisheni ya mtu yeyote uliyemtaja. Usimwambie mtu nunua hisa hii. Kazi hiyo ina leseni yake kutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na sababu ya leseni ni nzuri. Eleza, linganisha, piga hesabu, uliza, kisha nyamaza. Ndizi napokea, kwa kuwa kumrudisha mtu na ndizi zake ni kumtukana. Nazipeleka kwa watoto wanaocheza nje, wakati mwenyewe bado yupo na anaona.

Na usiitaje habari ya mtu kwa mwingine, hata kwa wema, hata bila jina, kama mtaa unaweza kumtambua. Mama wa vitumbua niliyemsimulia hapa si muuza vitumbua.

Tunahitaji watu wengi zaidi. Kila kata ina mhasibu mstaafu, mwalimu wa hesabu, karani wa benki aliyechoka kusikiliza malengo ya mauzo, mwanafunzi wa chuo cha biashara aliyerudi likizo. Saa mbili kwa wiki zinatosha. Pa kukaa papo: kuna ofisi ya serikali ya mtaa, misikiti ina baraza, makanisa yana madarasa ya Jumapili. Wawe wawili wawili kila inapowezekana, mwanamume na mwanamke, kwa sababu kuna mambo mke hatamwambia mwanamume na mume hatayasema mbele ya mwanamke.

Na waanze kabla ya Desemba. Vikoba vingi huvunjwa mwishoni mwa mwaka, wanawake hugawana walichoweka miezi kumi na miwili, na kwa siku chache mtaa mzima una pesa: laki tano hapa, milioni moja na nusu pale. Wiki hizo hizo ndizo wauzaji wa kila aina hupita nyumba kwa nyumba, sherehe ziko kila kona, na Januari inasubiri na sare, madaftari na michango ya shule. Anayejitolea akae na kikundi Novemba, sanduku likiwa bado limefungwa, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake pesa yake ina kazi gani, aikunje na kuitia ndani ya kitabu chake cha hisa. Siku ya mgao wanapewa pesa na karatasi yao kwa pamoja.